Midomo ya buluu, moyo mzima, kifua safi: jibu kwa mama wa Goma kuhusu mishipa ya ini

Mama wa Goma, umeuliza inawezekanaje mwanao wa miaka sita awe na midomo ya buluu na pumzi fupi, ilhali picha ya kifua ni safi na daktari wa moyo hakuona tundu, kisha mtu akakutajia ini. Inawezekana kabisa. Binti yangu hapa Bukavu alitibiwa pumu kwa muda mrefu, hadi daktari mmoja wa watoto alipotazama ncha za vidole vyake, zilizokuwa zimevimba na kucha kujipinda, akasema kwamba pumu peke yake haileti vidole vya namna hiyo.

Damu inayotoka matumboni na kwenye bandama hukusanywa na mshipa uitwao vena porta, ukaipeleka kwenye ini ili isafishwe kabla ya kufika moyoni. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na mshipa wa ziada unaounganisha vena porta moja kwa moja na vena kava, yaani mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na damu hiyo hupita kama mzigo wa njia ya panya usiokaguliwa forodhani Ruzizi. John Abernethy, mpasuaji wa London, aliandika juu ya hali ya aina hii mwaka 1793, ndiyo maana jina lake linaweza kutokea kwenye ripoti yenu. Kemikali ambazo ini lingezizuia hufika mapafuni na kuvipanua vishipa vidogo mno, hata damu ikapita haraka bila kubeba oksijeni ya kutosha. Kwa watoto wengine hutokea kinyume chake: mishipa ya mapafu hukaza, shinikizo likapanda, na moyo wa upande wa kulia ukaelemewa.

Usikubali upesi maelezo kwamba ni mwinuko tu. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na mwinuko huo hushusha oksijeni kidogo, lakini haubadilishi midomo ya mtoto mwenye afya. Omba apimwe oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni akiwa amelala, kisha baada ya kusimama dakika kadhaa. Ikiwa oksijeni inashuka anaposimama, mwambie daktari jambo hilo waziwazi, kwa sababu vishipa vilivyopanuka huwa vingi zaidi sehemu ya chini ya mapafu, na anaposimama damu huelekea huko.

Kipimo kilichotufungulia njia sisi kilikuwa ekografia ya Dopla ya tumbo, yaani picha ya mawimbi ya sauti inayoonyesha damu inavyotiririka, iliyofanywa akiwa hajala kwa saa kadhaa. Kuomba “ekografia ya ini” peke yake hakutoshi. Mtaalamu aombwe kuifuata vena porta hadi inapoingia ndani ya ini, na kutafuta mshipa unaokwenda kwingine. Vipimo vya damu vya ini visiwatulize, kwani vinaweza kuwa karibu na kawaida. Kwa mapafu, daktari wa moyo anaweza kudunga mkononi maji ya chumvi yaliyotikiswa na hewa kidogo, huku akitazama ekografia: viputo vikifika upande wa kushoto wa moyo baada ya mapigo matatu au zaidi, vimepitia mapafuni, vikifika mara moja, tundu la moyo litafutwe upya. Hakuna dawa ya gharama katika kipimo hicho.

Baadhi ya mishipa hiyo ya ziada, ile midogo iliyo ndani ya ini, hujifunga yenyewe katika miaka miwili ya kwanza. Mwanao amepita umri huo na tayari ana dalili, kwa hiyo mimi nisingesubiri. Mshipa wa ziada hufungwa kwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa, au kwa upasuaji, baada ya kuuziba kwanza kwa muda na kupima kama matawi ya vena porta yanaweza kuibeba damu yote. Matawi yakiwa membamba mno, mshipa wa ziada hufungwa kwa awamu, na kupandikiza ini hubaki kwa wachache. Oksijeni ya binti yangu ilipanda polepole, kwa miezi, baada ya mshipa wake kufungwa katika hospitali ya nje ya nchi. Shinikizo la mapafu, likishakuwa la juu, halirudi hivyo kwa kila mtoto, ndiyo sababu lipimwe mapema.

Mkipewa rufaa, chukueni picha zenyewe za skana kwenye CD, si karatasi ya ripoti pekee, kwa kuwa atakayefunga mshipa atataka kuupima upana na urefu yeye mwenyewe kabla ya kuwaita.