Maswali ya wasomaji: Tajiri, sindano na fungu la kumi

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mwalimu wetu wa Biblia anasema Yesu aliposema ni rahisi ngamia kupenya tundu la sindano kuliko tajiri kuingia ufalme wa Mungu (Marko 10:25), tundu hilo lilikuwa lango dogo la Yerusalemu, na ngamia alilipita kwa kupiga magoti baada ya kushushwa mizigo. Kwa hiyo tajiri akijinyenyekeza tu, anaokoka. Ni kweli?

JIBU: Lango hilo halina ushahidi. Hakuna maandishi ya zama za Yesu yanayolitaja. Na Marko 10 yenyewe hailiachii nafasi: wanafunzi wanashangaa wakiuliza ni nani basi awezaye kuokoka, naye Yesu anajibu kwamba kwa wanadamu haiwezekani. Kupita langoni kwa magoti kunawezekana, tabu kidogo tu. Sindano hii ni ya kushonea. Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, nayo inamtaja ndovu akipita tundu la sindano, kwa maana ile ile ya jambo lisilowezekana.

Ila wanaowafungia matajiri wote mlango kwa mstari huo wameacha kusoma mapema mno. Yesu anaendelea kusema kwamba kwa Mungu yote yanawezekana, na katika Luka, Zakayo, mtoza ushuru tajiri, anatokea sura moja tu baada ya tajiri aliyeambiwa auze vyote. Mpigie Zakayo hesabu. Tuseme mali yake ni 100. Nusu, yaani 50, anawapa maskini. Aliowadhulumu anawarudishia mara nne, na fedha hiyo inatoka kwenye 50 iliyobaki. Ikiwa 12.5 tu katika ile 100 ilikuwa ya dhuluma, hana kitu tena. Torati ilimtaka aliyekiri kosa arudishe yote na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7). Mara nne ilikuwa adhabu ya mwizi aliyechinja au kuuza kondoo wa watu (Kutoka 22:1). Zakayo, basi, alijihukumu kama mwizi, tena bila kutajiwa kiasi. Tajiri wa Marko aliambiwa auze vyote. Ukifanya mojawapo kuwa kanuni ya kila mtu, umetunga sheria ambayo Yesu hakuitunga.

SWALI: Mhubiri anatuambia tupande mbegu, tutavuna mara mia (Marko 10:30). Asiyetoa fungu la kumi, anasema, amelaaniwa. Nina madeni. Nifanyeje?

JIBU: Soma kuanzia mstari wa 28 mpaka wa 31, bila kuruka. Ahadi ile inamjibu Petro, aliyesema wao wameacha vyote wakamfuata Yesu. Haikutolewa kwa mtu anayetoa ili apate zaidi. Halafu tazama kilichoahidiwa: nyumba, ndugu, mama, watoto, mashamba, "pamoja na udhia". Hakuna mtu anayengojea mama mia moja. Kwa nini basi mashamba peke yake yapigiwe hesabu? Anayeacha kwake kwa ajili ya Injili anapata jamaa ya waamini, na milango yao inamfungukia. Udhia, wahubiri wa mafanikio huuruka.

Malaki 3:10, mstari unaotumiwa kudai fungu la kumi, inahusu ghala la hekalu, na ghala hilo lilikuwa na utaratibu wake. Kwa mujibu wa Nehemia 10:37-38, kwenye mavuno ya magunia 100 Walawi, watumishi wa hekalu, walipata 10, nao wakapeleka 1 ghalani. Mwaka wa tatu fungu lilibaki mjini, likaliwa na Mlawi, mgeni, yatima na mjane (Kumbukumbu 14:28-29). Anayekudai kwa Malaki muulize mjane anapata gunia ngapi.

Paulo hakuwapangia Wakorintho asilimia. Alitaka mtu atoe kwa kadiri ya alicho nacho (2 Wakorintho 8:12), na katika mstari wa 13 anakataa wengine wapate nafuu huku wewe ukitaabika. Kwa hiyo andika madeni yako yote, tenga chakula na marejesho ya mwezi, kisha toa katika kinachobaki, hata kikiwa kidogo. Usikope ili utoe sadaka. Ukipenda kushika sehemu ya kumi kama nidhamu yako, ni vizuri. Kutishiwa laana ni jambo jingine, maana Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa katika laana ya torati.

SWALI: Warumi 3:28 inasema mtu huhesabiwa haki, yaani hukubaliwa na Mungu, kwa imani bila matendo ya sheria, Yakobo 2:24 inasema si kwa imani peke yake. Nani mkweli?

JIBU: Wote wawili wanamtaja Abrahamu. Paulo anashika Mwanzo 15, alipomwamini Mungu akahesabiwa haki, kabla Abrahamu hajafikisha miaka 86 na kumpata Ishmaeli. Yakobo anaongeza Mwanzo 22, Abrahamu alipokuwa tayari kumtoa mwanawe sadaka: humo Isaka, aliyezaliwa baba yake akiwa na miaka 100, amekua wa kubeba kuni. Imani ile ile, zaidi ya miaka 14 baadaye, inaonekana kwa tendo. Paulo anamjibu anayetaka kujistahilisha mbele za Mungu. Yakobo anamkemea anayemuaga mwenye njaa kwa maneno matamu bila kumpa chakula.

Ubishi huu uliwatenga Walutheri na Wakatoliki tangu karne ya 16, na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukatoa tamko lake mwaka 1547. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, pande hizo mbili zilitia sahihi tamko la pamoja kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika Kristo, na kwamba matendo mema hufuata. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka 2006. Mojawapo ya yanayobaki, na tamko lenyewe halilifichi, ni kama aliyekwisha kuhesabiwa haki bado aitwe mwenye dhambi.