Bajaji yangu ya kwanza ilitoka kama mche wa sabuni

Sizungumzii mche mpya wenye kona zake. Nazungumzia ule uliosahauliwa kwenye beseni la kufulia tangu asubuhi, pembe zote zimelegea na alama za vidole zimebaki juu. Ndivyo ilivyokuwa bajaji niliyoichonga wiki mbili nzima kwenye Blender, programu ya kutengeneza maumbo ya 3D kwenye kompyuta, chumbani kwangu hapa Mtwara, feni ya laptopu ikilia kama mashine ya kukoboa. Nilimwonyesha mdogo wangu. Akaitazama weee, kisha akauliza, "Kaka, hicho ni kiatu?"

Najua wengi wanaanza kama nilivyoanza mimi. Unapakua programu, maana ni ya bure, inakula tu bando la megabaiti mia tatu na kitu. Unafungua upande wa kuchonga, unapewa tufe la udongo. Na kwa kuwa umeshatazama klipu za watu wanaotoa sura ya mtu kwenye tufe hilo kwa dakika ishirini, unaamini gari nalo litatoka humo humo. Halafu ukisema unatoka Mtwara na unachonga, watu wanaitikia kabla hujamaliza: aaa, vinyago, Wamakonde, iko kwenye damu. Babu yangu alikuwa mvuvi wa Mikindani. Na hata fundi wa vinyago mwenyewe hachezei udongo. Anaanza na tezo, anapiga bapa kubwa kubwa kwanza, na mpingo hauna Ctrl+Z ya kurudisha ulichokosea.

Shida iko hivi. Brashi ya udongo inasukuma pointi nyingi, yaani vidoti vinavyoshikilia umbo, kwa mkupuo mmoja, na mkono wa binadamu hautulii. Kwenye shavu la mtu mtikisiko huo ndio uhai wenyewe. Kwenye mlango wa gari, ni ajali iliyokwisha kutokea.

Mimi nikadhani dawa ni kuongeza poligoni, vile vipande vidogo bapa vinavyounganisha pointi, kwamba zikiwa nyingi kona zitakaza zenyewe. Hesabu yake inatisha. Ukipandisha ngazi moja ya kulainisha, kila kipande kinagawanyika kuwa vinne. Vipande 500 vikifika ngazi ya tatu ni 32,000. Ngazi ya sita ni 2,048,000. Laptopu yangu ina ramu ya gigabaiti 8. Ilifika huko ikaganda, na nilipokuwa nasubiri izinduke umeme ukakatika, na betri yangu ni ya jina tu. Faili la mwisho lilikuwa la juzi yake. Tangu siku hiyo, kila nikimaliza sehemu ninahifadhi kwa jina jipya: unafungua dirisha la kuhifadhi, unabonyeza alama ya kujumlisha, namba inapanda yenyewe. Nina bajaji 63 kwenye diski, na sijutii hata moja.

Kilichonifungua macho ni kuacha tufe na kuanza na mchemraba. Njia ya kulainisha inayotumika kwenye Blender waliieleza Edwin Catmull na Jim Clark mwaka 1978, na ukishaielewa, nusu ya kazi imekwisha. Mchemraba ukilainishwa unasinyaa kuwa kama mpira, kwa sababu kila kona inavutwa na majirani zake. Sasa bonyeza Ctrl+R, ukate mstari mpya karibu kabisa na ukingo. Majirani wamesogea, mvuto umepungua, kona imekaza. Sogeza mstari mbali, kona inalegea. Basi. Bodi ya bajaji nzima ni mchezo huo: wapi ukaze, wapi uachie. Usikaze kila mahali, maana bati likikunjwa halitoi kona ya wembe, siku zote hubaki na duara dogo, na duara hilo ndilo linaloshika mwanga. Modeli isiyo nalo inaonekana kama boksi la karatasi.

Kuna kosa moja la kijinga lililonila siku tatu: nilikuwa nalainisha kingo kwa Ctrl+B, upande mmoja unatoka mpana, mwingine mwembamba. Kumbe nilikuwa nimevuta mchemraba ukawa mrefu bila kuthibitisha vipimo. Ctrl+A, chagua skeli, kisha ndiyo ufanye beveli, yaani huko kulainisha kingo. Siku tatu!

Vipimo navyo usivitoe kichwani. Nilikwenda kijiweni na tepu ya fundi seremala, nikaanza kupima bajaji ya jamaa mmoja aliyekuwa anasubiri abiria.

"Dogo, unaipimia bajaji yangu jeneza?"

"Hapana kaka, naichora kwenye kompyuta."

"Haya. Ukimaliza uchore na hesabu ya bosi."

Hata tepu ukiikosa, soma tairi. Limeandikwa 4.00-8, yaani upana wa inchi nne, na rimu ya inchi nane, sawa na sentimita 20 na kidogo. Ukiwa na kipimo kimoja cha uhakika, picha ya ubavuni inakupa vingine vyote. Ila picha yenyewe ina mtego wake. Ukiisogelea bajaji na simu, gurudumu la mbele linavimba na la nyuma linasinyaa, na ukiiweka picha hiyo nyuma ya modeli kama kiolezo, hakuna kitakachokaa mahali pake. Rudi nyuma hatua kumi na tano au ishirini, vuta kwa zumu, na simu iwe usawa wa katikati ya bodi. Ndipo picha inakaribia kuwa bapa kama mchoro wa kiwandani. Nafasi kati ya mlango na fremu nilipima kwa sarafu ya shilingi 200: iliingia wima ikacheza kidogo. Mianya kama hiyo usiichore kwa brashi. Tenganisha vipande, kila bati lipewe unene wake, na mwanya utajitokeza wenyewe.

Udongo si kwamba nimeutupa. Turubai la juu na viti ni vitu laini, na hapo ndipo upande wa kuchonga unapolipa: mikunjo, mahali abiria wamekalia mpaka sponji ikakubali. Ila ukishaliunganisha turubai na bati halafu ukajenga meshi (wavu wote wa pointi) upya kwa vokseli, yaani vijichemraba vidogo, kila kona ya bati inasagwa. Viache vitengane. Matundu ya kupitisha hewa nilikata kwa buleani, yaani umbo moja linatoboa jingine; kwenye bapa hayana neno, kwenye bati lililopinda yanaleta makunyanzi mpaka urudishe vipande viwe vya pande nne nne kwa mkono. Ni kazi ya kuchosha na sina njia ya mkato.

Kibao cha kuchorea usinunue kwanza. Kwa vyuma, mausi ya kawaida yenye gurudumu katikati inatosha. Laptopu isiyo na namba pembeni, nenda kwenye mipangilio uwashe kuiga namba, ili namba za juu zifanye kazi ya zile za pembeni, utaona mbele, ubavu na juu bila kuhangaika.

Lakini aliyenifundisha kuona si klipu. Ni mzee mmoja fundi wa kunyoosha bodi, gereji yake iko chini ya mwembe. Nilimkuta anapiga msasa mlango uliokwisha kupakwa puti. Alifumba macho, akapitisha kiganja taratibu, akasimama mahali ambapo mimi sikuona kitu. "Hapa pana bonde." Akamwaga maji juu ya bati, akachuchumaa mpaka jicho likawa sawa na mlango, akaniita. Kivuli cha tawi kilikuwa kinapita juu ya bati kama mstari, na pale pale aliposema, mstari ulikatika kiuno.

Nilirudi nyumbani mbio. Blender ina matikapu, ngozi za kuivalisha modeli kwa muda, zenye mistari ya kukagulia mng'ao. Zimo tangu siku ya kwanza, mimi nilidhani ni mapambo. Niliivalisha bajaji, nikaizungusha. Mistari ilipinda kama barabara ya kijijini. Tangu hapo silainishi kitu kabla ya kukagua mistari kwenye ngazi ya chini kabisa, na pointi zikiwa chache, bonde unaliondoa kwa kusogeza moja au mbili.

Rangi na rendari, ile picha ya mwisho, sitavisemea sana. Bodi ikiwa safi, hata rangi moja inapendeza.

Bajaji ya 63 nilimpelekea yule mzee kwenye simu. Akaifuta skrini kwa ncha ya shati, akaishika mbali na uso kama wafanyavyo watu wa umri wake.

"Nani kaipaka rangi?"

"Siyo ya kweli, mzee. Nimeitengeneza mwenyewe."

Akanyamaza. Kidole chake cheusi kwa grisi kikatua juu ya taa ya mbele. "Mwanangu, hapa mwanga umevunjika."

Usiku nilifungua faili nikaangalia. Pointi moja ilikuwa imezama milimita nne. Sasa niko kwenye ya 64.