"Ziliingilia", "ziliingilia kati" au "zilivamia"?

SWALI: Mzee, shikamoo. Ninaandaa somo la historia na nimeandika hivi: "Mwaka 1950 Marekani na China ziliingilia kati ya Vita vya Korea, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoisha mwaka 1953." Mwalimu mwenzangu anashikilia kwamba ilipaswa kuwa "zilivamia". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kwanza futa hiyo "ya". Tunasema "kuingilia kati ugomvi" au "kuingilia kati katika ugomvi". Ukisema "kati ya", msomaji atasubiri umtajie pande mbili: kati ya nani na nani? Hilo ni dogo. Kubwa ni kitenzi chenyewe.

"Kuingilia" likiwa peke yake huwa tayari limebeba lawama: "Usiingilie yasiyokuhusu." (Na ukimweka mtu mbele yake, "kumwingilia mtu", umeshatoka kwenye historia ukaenda chumbani, pengine hata mahakamani. Uangalie sana.) Neno "kati" ndilo linaloligeuza. Makondakta wawili wamekunjana mashati stendi, mama ntilie anaacha upawa wake sufuriani, anasimama katikati yao na kuwaamua. Huyo kaingilia kati. Lakini akija na upawa mkononi akamtandika mmoja wao, hatusemi tena kaingilia kati. Tunasema naye kaingia kwenye ugomvi.

Sasa tutazame Korea: nani alisimama katikati? Tarehe 25 Juni 1950 jeshi la Kaskazini lilivuka mstari wa nyuzi 38, mstari wa latitudo uliotenganisha Kaskazini na Kusini. Siku mbili baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi wanachama ziisaidie Kusini, na likaweza kupitisha azimio hilo kwa kuwa mjumbe wa Urusi ya Kisovieti alikuwa amesusia vikao akipinga kiti cha China kukaliwa na serikali ya Taiwan badala ya ile ya Beijing. Marekani ikaja na ndege, meli na askari, upande wa Kusini. Oktoba mwaka huohuo majeshi ya China yakavuka mto Yalu, ulioko mpakani mwa China na Korea, yakaja upande wa Kaskazini. Wote walikuja na upawa. Mimi ningeandika "ziliingia vitani", kisha nitaje kila moja iliingia upande gani. Anayetaka kulaumu aseme "zilijiingiza", ila ajue kwamba hapo ameshatoa hukumu.

Wahusika wenyewe walilikwepa hata neno "vita". Rais Truman, ambaye hakuliomba Bunge la nchi yake litangaze vita, alikubali mwandishi wa habari alipomuuliza kama hiyo iitwe operesheni ya kipolisi. China nayo ililiita jeshi lake "la kujitolea", ingawa lilikuwa jeshi lake la kawaida chini ya jemadari Peng Dehuai. Majina hayo yaandike ndani ya alama za mtajo.

"Zilivamia" la mwenzako silikubali kwa sentensi hii, lakini amegusa jambo la maana. Kuvamia hudai mpaka. Je, nyuzi 38 ulikuwa mpaka? Agosti 1945 maofisa wawili wa jeshi la Marekani, Dean Rusk na Charles Bonesteel, waliuchagua mstari huo usiku, juu ya ramani, ili ijulikane Wajapani walioitawala Korea tangu 1910 watasalimu amri kwa nani: kaskazini kwa Warusi, kusini kwa Wamarekani. Hakuna Mkorea aliyeulizwa. Mwaka 1948 zikazaliwa serikali mbili, ya Syngman Rhee mjini Seoul na ya Kim Il Sung mjini Pyongyang, na kila moja ikidai nchi nzima ni yake. Wakorea walikuwa wakiuana kisiwani Jeju tangu 1948, na mwaka 1949 wakapigana mara nyingi kwenye mstari wenyewe.

Ukiuona kuwa mstari tu ndani ya nchi moja, "wenyewe kwa wenyewe" ni sawa. Ukiuona kuwa mpaka, Kaskazini ilivamia. Na hapo uwe mwaminifu kwa kitenzi chako, maana Oktoba 1950 majeshi yaliyopeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa nayo yaliuvuka kwenda kaskazini. Wanahistoria wanabishana mpaka leo. Mwamerika Bruce Cumings amesisitiza mizizi ya ndani, ilhali nyaraka za Kisovieti zilizofunguliwa baadaye zinaonyesha kwamba Kim alikwenda kumwomba Stalin, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, ruhusa na akaipata kabla ya kuanza. Kwangu mimi, "wenyewe kwa wenyewe" bila nyongeza inasema nusu ya habari.

Nimalizie na "vilivyoisha". Tarehe 27 Julai 1953 pale Panmunjom yalisainiwa makubaliano ya kusitisha mapigano. Kusitisha si kumaliza, na mkataba wa amani haujasainiwa hadi sasa.

Ubaoni ningeandika hivi: "Mwaka 1950 Marekani iliingia katika Vita vya Korea upande wa Kusini, na China upande wa Kaskazini, mapigano yalisitishwa mwaka 1953." Wanafunzi wakiuliza kwa nini ni "Vita vya Korea" lakini "Vita Kuu ya Pili", waambie ngeli mbili zinaligombania neno hilo tangu zamani.