Kabla hujaacha mbolea ya dukani: ushauri kutoka Muheza

Wengi wanaotaka kuingia kwenye kilimo hai huniuliza swali lilelile: nikiacha dawa za viwandani, nipulizie nini? Mimi huwarudisha kwenye udongo kwanza. Mmea wenye njaa hauwezi kuhimili mdudu, uupulizie mwarobaini au usiupulizie.

Nalima hapa Muheza, machungwa upande mmoja, mahindi na mboga upande wa pili. Na kwa sababu nakipenda kilimo hiki, sipendi kuona mtu anakiingia bila hesabu. Hesabu yenyewe ni hii: mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni, chakula kikuu cha mmea, asilimia 46, yaani kilo 23. Samadi kavu ya ng'ombe ina asilimia 1 hadi 2 hivi. Kuzipata kilo 23 hizo unahitaji zaidi ya tani moja ya samadi, na hata hivyo haitoi yote msimu wa kwanza. Nimeona watu wakitoka semina wamehamasika, wakaacha mbolea siku hiyohiyo, wakamwaga toroli chache za samadi kwenye ekari nzima. Mahindi yakawa ya njano, lawama zikaenda kwa kilimo hai.

Kwa hiyo usihame kwa mkupuo. Tenga kipande kidogo, robo ekari au hata chini ya hapo, karibu na nyumba na maji, uelekeze huko samadi yote na mboji yote. Kwingine punguza mbolea taratibu huku ukichanganya mahindi na kunde, mbaazi au fiwi. Mimea hii hunasa naitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Ng'oa mche mmoja wa kunde unaokaribia kutoa maua, upasue kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu, kazi inafanyika. Kikiwa cha kijivu au kijani, hakuna unachopata.

Sisi wa Tanga tuna bahati ya wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa wanaofugwa bandani, kwa hiyo samadi haiko mbali. Lakini usiipeleke mbichi kwenye mboga. Ilundike pamoja na majani makavu, mabua na majani mabichi kwa tabaka, umwagie maji, ufunike. Chomeka fimbo katikati ya lundo. Ukiichomoa baada ya siku chache iwe ya moto mkononi na yenye unyevu. Ikitoka kavu, ongeza maji. Ikitoka baridi na kunuka, geuza lundo lipate hewa. Miezi miwili hadi mitatu unapata mboji nyeusi isiyo na harufu ya kinyesi. Kwa walio kwenye mchanga wa pwani, kule Pangani kwa mfano, ongezea matandazo ya makuti au makumbi ya nazi, maana mchanga haushiki maji wala chakula cha mmea.

Sasa wadudu, na hapa nataka niwatetee maji moto. Hao ni wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mchungwa kuwa kiota. Wanachukiwa kwa sababu wanauma wachumaji, na wengi huwapulizia dawa. Tafadhali waacheni. Maji moto huwinda wadudu mchana kutwa, na kwenye minazi ndio wanaozuia kunguni anayeangusha vidaka. Ukiona kiota mti mmoja na mti wa jirani hauna, funga kamba ya mkonge kutoka tawi hadi tawi, watavuka wenyewe. Siku ya kuchuma, wachumaji wajipake majivu mikononi na miguuni. Maji moto wana kasoro moja ya kweli: huwalinda wadudu magamba ili wapate utomvu wao mtamu, kwa hiyo tawi lililojaa magamba likate. Nzi wa matunda nao hupunguzwa kwa kuokota machungwa yaliyoanguka kila siku. Yafunge kwenye mfuko mweusi, uuache juani, funza wafie humo.

Mwarobaini una kazi yake. Twanga kokwa kavu, gramu 50 kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja, weka sabuni kidogo, pulizia jioni kwa sababu jua huharibu nguvu yake. Haumuui mdudu palepale. Unamkatisha kula na kumzuia kukua, kwa hiyo kagua shamba siku chache baadaye, usikate tamaa asubuhi yake. Viwavijeshi vamizi, waliotuingilia nchini mwaka 2017, wapulizie wakiwa bado wadogo. Wakishazama ndani ya moyo wa mhindi, wengine hutia majivu au mchanga humo, na inasaidia kama shamba si kubwa.

Na nyanya? Usianze nazo. Masika yakikolea, ukungu wa nyanya humtesa hata mwenye dawa zote. Anza na mchicha, bamia, matembele na kunde.

Kuhusu soko, ipo alama ya Kilimohai, inayotokana na kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007. Wakulima wakijiunga kikundi wanaweza kukaguana wenyewe kwa utaratibu unaokubalika, badala ya kila mmoja kulipia mkaguzi. Usiikimbilie mwaka wa kwanza. Kwanza uza kwa majirani, na bei iwe ya kawaida.

Kama unafikiria vuli ijayo, lundo la mboji lianze mwezi wa saba, lipate kuiva kabla ya mvua za Oktoba. Mwezi huo wa saba njia ni kavu na mkokoteni wa samadi unafika hadi shambani. Udongo wako nao upeleke ukapimwe. Kituo cha utafiti cha Mlingano, hapahapa Muheza, kazi yake mojawapo ni hiyo.