Hiyo ladha ya kuungua si koili, ni pamba

Niliacha sigara miaka mitatu iliyopita nikahamia vepu (sigara ya umeme), na kitu sikujua ni vile koili zinakula pesa, yaani kile kiwaya cha ndani kinachopasha moto juisi ya nikotini iliyofyonzwa na pamba. Hapa Kisumu unaweza zunguka mjini nusu siku ukitafuta koili ya kifaa chako, uipate kwa bei inauma, alafu wiki moja tu juisi imeanza kuonja kama kitambaa kimeungua. Nikanunua tanki ya kufungua, ile unajitengenezea koili mwenyewe, na sijarudi nyuma. (Kama huvuti sigara tafadhali usianze na hii pia, nikotini ni nikotini.)

Kusuka koili nilifunzwa na mzee mmoja wa Kondele anayesuka mota za pampu. Nilimpelekea waya na biti ya drili ya milimita 3, akaniangalia navyozungusha, akasema, "Nyathina (mwanangu), unaisukuma. Ivute, usiisukume, alafu shika mvuto huohuo mpaka mwisho." Nikajaribu hivyo na mizunguko ikakaa imeshikana vizuri kama springi.

Waya natumia ni Kanthal, mchanganyiko wa chuma, kromiamu na alumini, asili yake Uswidi, na jamii hiyo ya waya ndiyo iko kwa heta nyingi za umeme. Lakini usitoe waya kwa heta iliyokufa, hujui ni ya aina gani wala imepitia nini na wewe unataka kuvuta hewa yake. Geji 26 ina unene wa milimita 0.4, ukizungusha mara 6 unapata ukinzani wa omu 0.8 hivi, na geji 24 kwa mizunguko hiyohiyo inakupa kama 0.5. Pima kwanza kabla ya kuwasha. Betri ya 18650, ile ya mviringo ya kuchaji inayowekwa kwa vepu nyingi, ikijaa ina volti 4.2, gawanya kwa omu zako: 4.2 kwa 0.8 ni ampea 5 na kidogo, hapo uko sawa, lakini 4.2 kwa 0.2 ni ampea 21 na betri nyingi haziwezi kutoa hiyo bila kuchemka. Na ile plastiki ya betri ikichanika usiitumie tena, wala usiweke betri mfukoni na funguo, hiyo ni shoti inangoja tu.

Koili ikishafungwa iwashe kwa wati kidogo bila pamba, bonyeza unaachilia, bonyeza unaachilia. Inafaa iwake kutoka katikati ikienda nje. Ikiwaka upande mmoja achilia, ikwaruze polepole na kibanio cha kauri mpaka moto ulingane. Hii ni ya Kanthal na nikrome (waya wa nikeli na kromiamu), waya wa titani au wa nikeli tupu usiuwashe hadi uwe mwekundu.

Sasa pamba, hapa ndipo watu wengi wanaharibu alafu wanalaumu waya. Natumia pamba ya kemisti, lakini si kila kitu kinaitwa pamba ni pamba, zingine zimechanganywa na nailoni. Choma kipande kidogo mbali na kifaa: pamba ya kweli inanuka kama karatasi na kubaki jivu laini, ile feki inajikunja na kuacha kitone kigumu, hiyo tupa. Mji huu ulikuwa na kiwanda cha pamba, KICOMI, na sasa tunashikwa na nailoni, inaniuma.

Kipimo ni hiki: ukivuta pamba ndani ya koili unasikia inakwaruza kidogo lakini koili haisogei. Ikibana sana juisi haipiti na unavuta moshi wa pamba iliyokauka, ikilegea sana tanki inavuja na inabubujika mdomoni. Mikia, yaani ncha za pamba zinazobaki nje ya koili, chambua iwe nyepesi kabla ya kuingiza kwa mifereji ya juisi, lowesha yote, alafu ngoja dakika kumi. Hizo dakika kumi usiibe hata moja. Pamba nabadilisha kila siku nne tano, mapema zaidi kama juisi ni tamu sana kwa sababu utamu unaganda mweusi kwa waya. Waya yenyewe natoa pamba, naiwasha kidogo, ikipoa nasugua na mswaki, inaendelea wiki kadhaa.

Binamu yangu yuko Nakuru, nikamtumia vipimo vyangu vyote na bado ilikuwa inamuungulia kila asubuhi. Tukasumbuka mwezi mzima na waya. Kumbe Nakuru ni karibu mita 1,850 juu na asubuhi ni baridi, juisi yake yenye glisarini nyingi inakuwa nzito kama asali na haipandi kwa pamba kama huku kwetu kando ya ziwa penye joto. Akapunguza mikia karibu theluthi, akawa anashika chupa kiganjani ipate joto kabla ya kujaza, na tangu hapo hajaniambia kitu kuhusu kuungua.