Meza Moja, Biashara Tatu

Mdogo wangu, umeiona ile picha: mimi, mama wa Kijamaika na dada wa Kighana nyuma ya meza moja, soko la Jumamosi, London kusini. Ukauliza kwenye kundi la familia: "Dada, si ulisema una biashara yako? Hao umewaajiri au wamekuajiri?" Shangazi naye akatia lake, kwamba yaani mtu aende mpaka Ulaya kupanga meza sokoni. Basi nawajibu wote kwa mpigo.

Biashara ni yangu. Achari ya embe na ya ndimu napika mwenyewe nyumbani, kihalali. Hapa unajiandikisha halmashauri siku 28 kabla ya kuanza kuuza chakula, bila malipo, kisha anakuja mkaguzi anafungua friji, anachungulia chini ya sinki na kuuliza mbwa yuko wapi hata kama hufugi mbwa. Wenzangu nao wana zao. Mjamaika ni mwokaji. Mghana anauza shito, ile pilipili yao nyeusi ya kukaanga yenye samaki na kamba wakavu. Tulianza kwa kugawana kodi ya meza, basi.

Faida yake nilikuja kuiona pale pale mezani. Mteja wa hapa achari haijui. Akiona kichupa cha njano chenye mafuta juu, anapita. Lakini yule mama ana watu wake wa miaka mingi wanaoufuata mkate wake mzito, hard dough wanauita. Anakata kipande, anapaka siagi, juu anaweka achari yangu ncha ya kijiko, anampa mtu anayesubiri chenji. Mtu anatafuna, ndimu inamkunja uso, halafu anauliza, "Hii ni nini?" Hapo nimeshauza. Matangazo ya kulipia Instagram hayajawahi kunipa sura ile. Kadi yangu inaingia kwenye mfuko wake wa mkate, kadi yake inaingia kwenye vifurushi vyangu vya posta. Hivyo ndivyo jina linavyokua huku, ukikabidhiwa mteja na mtu yule yule anayemwamini.

Chupa tupu tunaagiza pamoja, maana kwa wingi bei inashuka, na zinakaa gereji ya mwokaji. Chumba changu mimi kisingezimeza. Mtaji je? Upatu, kama wenu. Waghana wana susu, Wajamaika wana pardner, na Wakaribi wengi waliohamia hapa baada ya 1948 walinunua nyumba kwa pardner wakati benki zikiwanyima mikopo. Kwa hiyo nilipotaja kuchanga kwa zamu hakuna aliyehitaji kufundishwa. Ubishi ulikuwa nani apokee Novemba, kabla ya Krismasi. Mwokaji akaichukua. Ana keki ya ramu. Ungebishana naye kwa lipi?

Ila msidhani weusi wetu unatosha kuuza. Mwaka 2020, baada ya Mmarekani mweusi George Floyd kuuawa na polisi kule Marekani, huku nako watu walikazana kununua kwa weusi. Mwanamuziki Swiss wa kundi la So Solid Crew la hapa London akaanzisha Black Pound Day Juni mwaka huo, siku maalumu ya kupeleka pauni yako kwenye biashara za weusi. Wazo zuri, nami naliunga mkono. Lakini shauku ya watu hupoa, na kodi ya meza haipoi. Tena weusi wenzetu ndio wa kwanza kuniambia kwamba Peckham, mtaa wa huku huku London kusini, kuna achari ya bei ya chini. Ipo, kweli. Nami nawaonjesha yangu.

Na undugu wa mdomo mtupu unauma. Kuna mmoja, simtaji, tuliunganisha naye boksi la zawadi. Aliuza yeye, pesa zikanifikia kwa matone, tena kwa kukumbushana, na jina langu kwenye boksi lilikuwa dogo kuliko tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwa hawa wawili tumeandika kila kitu: nani anapokea pesa, anagawa lini, zisizouzwa zinarudi kwa nani, picha ni za nani. Hata lebo tunakaguliana. Achari yangu ina haradali, shito ina samaki na kamba, keki ina ngano na mayai, na vyote vimo katika orodha ya vitu 14 vya mzio ambavyo sheria inataka vitajwe waziwazi. Mmoja akisahau, boksi letu la pamoja linaondolewa sokoni.

Shangazi, bado nabeba boksi. Usiku natunza wazee. Kazi hiyo ndiyo inayolipa pango la nyumba. Achari inalipa bima, chupa na meza, kinachosalia kinaingia kwenye upatu. Ndiyo maana nikiombwa simu mpya nakaa kimya.

Na wewe mdogo wangu, ule mpango wa iliki za Muheza nautaka. Tuma kwanza sampuli, nusu kilo, na picha ya mahali zinapoanikwa. Bei niandikie, usiniambie "dada, nipe tu unachoona." Mghana ameulizia pilipili manga pia. Nitakupa namba yake, mkipatana pesa ni yenu, mimi sitaki kamisheni wala sitaki kuja kuamua kesi.