Maswali ya Wasomaji: Kilwa Ndani ya Gemu

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mwanangu wa kidato cha tatu hucheza gemu iitwayo Europa Universalis IV kwenye kompyuta ya mjomba wake. Juzi alinieleza kwa furaha kwamba aliiongoza Kilwa, akawafukuza Wareno, kisha akaiteka pwani yote hadi Sofala. Nafurahi kumwona akiijali historia yetu, lakini nachelea asije akachanganya ya gemu na ya kweli. Je, nimkataze?
Mzazi, Tanga

JIBU: Mzazi wetu, usimkataze, bali keti naye akicheza. Gemu hiyo, iliyotolewa mwaka 2013 na kampuni ya Paradox ya Uswidi, huanza tarehe 11 Novemba 1444, na kuanzia hapo mambo yanaweza kufuata njia yoyote. Katika historia, Francisco de Almeida, kamanda wa Wareno, aliingia Kilwa mwezi Julai 1505, askari wake wakaupora mji, na Muhammad Ankoni akasimikwa awe mtawala chini ya Wareno. Kijana akikosea katika tukio kama hilo, kitabu kimoja kinatosha kumsahihisha. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kanuni za gemu zenyewe, kwa kuwa mchezaji huzifuata bila kuzihoji, maana asipozifuata hashindi.

Tuitazame hiyo hiyo Kilwa. Kwenye ramani ya gemu ni eneo lenye mipaka, lililopakwa rangi moja, na mchezaji huonekana amefanikiwa kadiri rangi hiyo inavyotanda. Kilwa ya kweli ilikuwa kubwa kwa bandari yake. Dhahabu iliyoshuka kutoka nyanda za Zimbabwe hadi Sofala ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wake, na vyombo vilivyokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi vilisubiri kusi ili virejee makwao. Msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliutaja mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema, na magofu ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yanatuonyesha hadi leo mali iliyoletwa na bahari. Mji ulioishi kwa pepo za msimu na kwa kuaminiana na wafanyabiashara wa mbali haupimiki kwa ukubwa wa ardhi ulioiteka. Gemu inapoupima hivyo, inatoa hoja kuhusu historia, ingawa haikuandika sentensi hata moja ya hoja hiyo.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo gemu hiyo inalifundisha vizuri kuliko madaftari mengi ya shuleni. Kilwa, Mombasa na Malindi zimo kama dola mbalimbali, kila moja na masilahi yake. Mwanafunzi anayekariri tu kwamba mwaka 1498 Malindi ilimkaribisha Vasco da Gama huku Mombasa ikimpinga, huenda akaona kitendo cha Malindi kuwa usaliti mtupu. Akiiongoza Malindi mwenyewe, akiwa na jirani mwenye nguvu kaskazini au kusini mwake na hazina isiyotosha, ataelewa kwa nini mgeni mwenye mizinga alionekana rafiki wa kufaa. Kuelewa hivyo si kumsamehe mtu. Ni kuona uamuzi jinsi ulivyoonekana kwa waliokuwa wakiufanya bila kujua yajayo.

Mfano unaoniuma zaidi uko katika gemu nyingine, Civilization VI ya mwaka 2016. Humo Zanzibar ni mji-dola ambao mchezaji hawezi kuuongoza; anayefaulu kuwa mlezi wake hupewa karafuu na mdalasini, na raia wa miji yake huridhika zaidi. Karafuu hizo hutokea kama zawadi. Katika historia, mashamba ya Unguja na Pemba yalipanuka katika karne ya 19, zama za Sayyid Said na warithi wake, kwa jasho la watumwa walioletwa kutoka bara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1897. Sidhani kama watengenezaji walikusudia kuficha lolote, lakini kanuni hiyo haimpi mchezaji sababu yoyote ya kuuliza ni nani aliyezichuma. Basi muulize mwanao wewe: gemu hii inahesabu nini, na ni watu gani ambao haiwahesabu kabisa?

SWALI: Ninafundisha historia sekondari. Je, ipo gemu ninayoweza kuitumia darasani bila wanafunzi kuonyeshwa umwagaji damu?
Mwalimu, Mombasa

JIBU: Ipo. Mwezi Februari 2018 kampuni ya Ubisoft ilitoa Discovery Tour, iliyojengwa kutokana na Assassin's Creed Origins, gemu inayohusu Misri ya enzi za wafalme wa ukoo wa Ptolemaio. Mapigano yameondolewa, na mwanafunzi hutembea Alexandria na kwenye piramidi akifuata ziara zenye maelezo. Ninachokithamini humo ni kwamba watengenezaji hukiri baadhi ya mabadiliko waliyoyafanya: katika darasa ambamo wavulana na wasichana wanasoma pamoja, wameeleza waziwazi kwamba haikuwa hivyo enzi hizo, na kwamba waliamua hivyo ili wasiwatenge wasichana. Wanafunzi wako wanaweza kuujadili uamuzi huo kipindi kizima.

Baada ya hapo wape picha za kanisa la Notre-Dame la Paris kutoka Assassin's Creed Unity ya mwaka 2014, inayohusu Mapinduzi ya Ufaransa, wazilinganishe na tarehe za ujenzi. Mnara uliochongoka juu ya paa unafanana na ule uliobuniwa na msanifu majengo Viollet-le-Duc katikati ya karne ya 19, miongo mingi baada ya Mapinduzi; waachie walitafute kosa hilo wenyewe. Kompyuta moja na projekta vinatosha kwa kazi zote mbili: mwanafunzi mmoja aongoze, wengine waandike wanachokiona na ushahidi ambao wangeutaka kabla ya kukiamini.